UCHAMBUZI: Mvutano kuhusu viendeshi vya USB unavyoamua uhai wa bodi za bei nafuu

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, ubishi ambao hausikiki sana nje ya duru za wahandisi umekuwa ukiamua ni vifaa vipi vya bei nafuu vitadumu na ni vipi vitageuka taka muda mfupi baada ya kununuliwa. Ubishi huo unahusu viendeshi vya USB, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kibodi, modemu, kamera au flashi iliyochomekwa kwenye tundu lake. Hasa unahusu mahali ambapo viendeshi hivyo vinastahili kuwekwa. Je, viwe ndani ya kerneli ya Linux, kile kiini cha mfumo ambacho msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, au vibakie katika nakala ya pembeni inayotunzwa na mtengenezaji wa chipu peke yake?

Huenda msomaji akadhani kuwa mambo hayo hayamhusu. Yanamhusu. Simu za Android, ambazo ndizo Wakenya wengi hutumia, huendeshwa na kerneli ya Linux. Ruta nyingi zinazosambaza intaneti majumbani na ving'amuzi vingi vya televisheni hutumia bodi ndogo zenye kerneli iyo hiyo. Bodi hizo hazina tofauti kubwa na zile ambazo wanafunzi na mafundi hununua ili kujifunza utengenezaji wa mitambo.

Mfano unaofafanua suala hili vizuri kabisa ni ule wa Raspberry Pi, bodi iliyozinduliwa Uingereza mnamo Februari 29, 2012. Modeli B iliuzwa kwa dola 35 za Marekani, nayo ilikusudiwa kuwafunza watoto utayarishaji wa programu. Prosesa yake ya aina ya ARM, iliyokuwa ndani ya chipu ya kampuni ya Broadcom, ilikwenda kwa kasi ya megahatsi 700. Lakini chipu hiyo ilikuwa na njia moja tu ya USB. Matundu mawili ya kuchomeka vifaa, pamoja na lile la waya wa mtandao, yote yalitegemea njia hiyo. Ilikuwa kama boma lenye mlango mmoja ambao wageni, ng'ombe na mizigo ya kuni vyote sharti vipitie.

Matatizo hayakukawia. Watumiaji walilalamika kwamba herufi walizobonyeza kwenye kibodi zilipotea au kujirudia zenyewe, na mtandao ukakatika kila kazi ilipozidi. Wengi walidhani bodi ni mbovu. Baadhi walilaumu chaja, na kusema kweli chaja dhaifu nazo zilichangia.

Kiini cha tatizo kilikuwa kwingine. Sakiti ya USB ndani ya chipu hiyo haikubuniwa na Broadcom bali na Synopsys, kampuni ya Marekani inayowauzia watengenezaji wa chipu michoro iliyo tayari. USB ya toleo la pili hugawa kila sekunde katika vipindi 8,000. Sakiti nyingi za kompyuta za mezani hupanga zenyewe nani azungumze katika kipindi kipi, lakini ile ya Synopsys ilimwachia prosesa sehemu kubwa ya mzigo huo. Prosesa ikawa inakatizwa kazi yake maelfu ya mara kila sekunde. Ilipochelewa hata kidogo, hasa wakati kifaa cha kasi ndogo kama kibodi kilipokuwa kikizungumza kupitia kigawanyaji cha USB, ujumbe ulipotea.

Kiendeshi kilichotumiwa wakati huo, kwa jina dwc_otg, kilitokana na msimbo ambao Synopsys iliwapa wateja wake. Hakikuwa ndani ya kerneli kuu. Wahandisi wa Raspberry Pi walilazimika kukitengeneza wenyewe, na kati ya mwaka wa 2013 na 2014 walihamisha sehemu yake ngumu hadi kwenye katizo la haraka, ambacho ni kipengele cha prosesa za ARM kinachotangulizwa mbele ya kazi nyingine zote. Tiba hiyo ilifaa. Herufi ziliacha kupotea.

Hata hivyo, ilikuwa tiba ya mgonjwa mmoja. Ilifungamana na chipu ya bodi hiyo kiasi kwamba haikuingizwa katika kerneli kuu. Wakati huo huo, Synopsys yenyewe ilichukua mkondo mwingine. Mwaka wa 2013 iliandika upya kiendeshi hicho ili kilingane na taratibu za Linux na kukiwasilisha kwa jamii. Kiliingia kwanza katika toleo la 3.10, kwenye sehemu inayotengewa msimbo ambao bado haujaiva. Mwaka wa 2014, katika toleo la 3.14, kikapandishwa hadi kwenye orodha rasmi ya viendeshi vya USB kwa jina dwc2.

Sakiti moja ikawa na viendeshi viwili, kimoja ndani na kimoja nje. Kile cha nje kiliwafaa watoto waliokuwa na bodi hiyo mikononi wakati huo. Kile cha ndani, ambacho mwanzoni kilikuwa dhaifu kuliko mwenzake, kilikuja kuhudumia chipu za Rockchip, Amlogic, HiSilicon, Lantiq na STMicroelectronics, kwa sababu kampuni hizo zote zilitumia mchoro ule ule wa Synopsys. Mhandisi anayerekebisha kosa katika dwc2 kwa ajili ya ruta huwa amelirekebisha pia kwa ajili ya bodi ambayo hajawahi kuiona. Hii ndiyo hoja kuu ya wanaosisitiza kwamba kila kiendeshi kiingizwe katika kerneli kuu, nayo ni hoja ambayo wapinzani wao hawajaijibu ipasavyo.

Inafaa kueleza kwa nini kazi hii ni ngumu zaidi kwa bodi ndogo kuliko kwa kompyuta za mezani. Ndani ya kompyuta ya kawaida, sakiti ya USB hukaa kwenye njia iitwayo PCI na hujitambulisha yenyewe kwa nambari yake. Aidha, sakiti hizo hufuata vipimo vilivyochapishwa. Ndiyo maana Linux iliweza kuhudumia USB ya toleo la tatu tangu Septemba 2009, katika toleo la 2.6.31, kabla hata ya Windows 8 ya mwaka wa 2012.

Kwenye bodi ndogo hakuna kinachojitambulisha. Sakiti imezama ndani ya chipu, kimya. Kerneli sharti iambiwe inapatikana katika anwani gani, hutumia katizo lipi, hupata mapigo ya saa kutoka wapi, na ni swichi ipi ya umeme inayopaswa kuwashwa kabla ya tundu kupata nguvu. Bodi mbili zenye chipu moja zaweza kuhitilafiana katika swichi hiyo pekee, na kiendeshi kinachofanya kazi kwenye bodi ya kwanza kikabaki bubu kwenye ya pili. Fundi ataona taa inawaka na flashi haisomeki, asijue pa kuanzia.

Zamani maelezo hayo yaliandikwa kama msimbo, faili moja au zaidi kwa kila bodi. Kadiri chipu za ARM zilivyoongezeka, ndivyo faili zilivyorundikana, nyingi zikirudia mambo yale yale kwa maneno tofauti kidogo. Machi 2011, Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland aliyeanzisha Linux mwaka wa 1991, alishindwa kuvumilia. Aliwakaripia watunzaji wa sehemu ya ARM kwa lugha ambayo gazeti la heshima haliwezi kuichapisha, akiwataka wakomeshe fujo hiyo.

Karipio lilizaa matunda. Katika mwaka uo huo liliundwa kundi la kupokea na kuchuja msimbo wa chipu za ARM kabla haujamfikia Torvalds. Bodi nazo zikaanza kuhamishiwa kwenye mfumo wa mti wa vifaa, ulioazimwa kutoka mitambo ya PowerPC. Katika mfumo huo, maelezo ya bodi huwekwa katika faili ya maandishi iliyo mbali na msimbo wa viendeshi. Shirika la Linaro, lililoanzishwa mwaka wa 2010 na ARM pamoja na kampuni kama vile Samsung, IBM na Texas Instruments, lilichangia sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Tangu wakati huo, anayetaka tundu la USB la bodi yake litambuliwe na kerneli kuu hana budi kuleta vitu kadhaa kwa pamoja. Ataleta waraka unaoeleza jinsi sakiti inavyopaswa kuandikwa katika mti wa vifaa. Ataleta kiendeshi cha sehemu inayogeuza data kuwa mawimbi ya umeme kwenye waya, msimbo mfupi wa kuiunganisha sakiti na kiendeshi kilichopo, na faili ya bodi yenyewe. Kila kimoja humwendea mtunzaji tofauti. Viraka husomwa hadharani, na si ajabu kimoja kurudishwa mara tano au zaidi kabla ya kukubaliwa. Toleo jipya la kerneli hutolewa kila baada ya wiki tisa au kumi hivi, na lango la kupokea mambo mapya hufunguliwa kwa wiki mbili tu mwanzoni mwa kila mzunguko. Anayelikosa husubiri lifunguliwe tena.

Mtengenezaji wa chipu huyatazama hayo yote na kupiga hesabu. Bidhaa yake itauzwa kwa mwaka mmoja au miwili. Ni rahisi kuchukua kerneli ya zamani, kuijaza viraka vyake mwenyewe, kuipakia kwenye bodi na kuendelea na chipu nyingine. Hoja hiyo ina mashiko hadi siku bodi inapouzwa. Kuanzia hapo gharama humwangukia mnunuzi.

Yaliyotokea kwa chipu za Allwinner ya Uchina yanaonyesha ukubwa wa gharama hiyo. Kampuni hiyo ilisambaza kerneli yake iliyotokana na toleo la 3.4 la mwaka wa 2012, nayo ikatumika katika tableti na bodi za bei ya chini. Mwaka wa 2016 iligunduliwa kwamba ndani ya nakala hiyo kulikuwa na mlango wa siri: programu yoyote iliyoandika neno fulani katika faili moja ilikabidhiwa mamlaka yote ya mfumo. Bila shaka msimbo huo uliachwa na wahandisi waliokuwa wakifanya majaribio. Lakini kwa kuwa haukupitia macho ya watunzaji wa kerneli kuu, hakuna aliyeuzuia. Oktoba mwaka huo huo, jamii ya Linux nayo ilikomesha huduma kwa toleo la 3.4.

Waliowaokoa wenye bodi hizo ni watu wa kujitolea. Kundi la linux-sunxi lilikuwa limeanza miaka kadhaa awali kuchambua chipu za Allwinner na kuandika viendeshi vinavyokubalika katika kerneli kuu. Viendeshi vya USB viliingizwa hatua kwa hatua, vile vya vifaa vya kuchomeka vikitangulia mwaka wa 2014, na vile vya tundu linaloweza kugeuza majukumu vikifuata mwaka wa 2015. Ni jambo la kustaajabisha, na pia la aibu, kwamba kazi ya kampuni yenye faida ilikamilishwa usiku na watu waliokuwa na ajira kwingine.

Jamii ya Linux yenyewe haijakaa kimya ikisubiri hisani ya kampuni. Januari 2007, Greg Kroah-Hartman, mtunzaji wa muda mrefu wa sehemu ya USB, alitangaza kuwa kampuni yoyote ingeandikiwa kiendeshi bila malipo mradi itoe maelezo ya kifaa chake. Mwaka uliofuata alitumia mkono mwingine: vipengele vya USB ndani ya kerneli viliwekewa alama inayovizuia kutumiwa na viendeshi ambavyo msimbo wake umefichwa. Wapo waliolalamika kwamba hatua hiyo ingewafukuza watengenezaji. USB ilizidi tu kuenea kwenye Linux.

Hata hivyo, kuingia katika kerneli kuu si kupewa hati ya kuishi milele. Mapema mwaka wa 2023, katika toleo la 6.3, watunzaji waliondoa msimbo wa bodi nyingi za zamani za ARM ambazo hazikuwa na watumiaji wanaojulikana wala mtu wa kuzihangaikia. Viendeshi vya USB vilivyotegemea chipu hizo viliondoka nazo. Kila mstari wa msimbo unahitaji mtu wa kuusoma tena mambo yanapobadilika, na watu hao ni wachache.

Uchache wao ulidhihirika Septemba 2023 mjini Bilbao, Uhispania, ilipotangazwa kwamba muda wa kuhudumia matoleo teule ya kerneli, uliokuwa umeongezwa hadi miaka sita, ungerudishwa hadi miwili. Sababu zilizotolewa ni kwamba watumiaji wa matoleo ya zamani walikuwa wachache na kwamba watunzaji walichoka. Wengi wao hupewa kazi ya utunzaji juu ya majukumu yao ya kawaida, na si waajiri wote wanaoihesabu kuwa kazi.

Basi kuna hatari gani kiendeshi cha USB kikizeeka? Jibu lilitoka Serbia. Februari 28, 2025, shirika la kutetea haki za binadamu la Amnesty International lilichapisha ripoti kuhusu simu ya Android ya mwanafunzi mwanaharakati wa nchi hiyo. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, simu ilifunguliwa kwa mtambo wa kampuni ya Cellebrite ya Israeli bila idhini ya mwenyewe. Mtambo ulichomekwa kwenye tundu la USB na kujifanya kamera, kifaa cha sauti na vifaa vingine, ili kutumia makosa yaliyokuwa katika viendeshi vya kerneli ya Linux. Kabla ya ripoti hiyo kutoka, Cellebrite ilikuwa imetangaza kuwazuia baadhi ya wateja wake nchini Serbia kutumia bidhaa zake.

Kosa lililokuwa katika kiendeshi cha kamera lilikuwepo tangu mwaka wa 2008. Lilikuwa ndani ya kerneli kuu, chini ya macho ya kila mtu, kwa miaka 16. Wanaoshabikia msimbo wazi hawapaswi kulipuuza jambo hili, kwa maana linathibitisha kuwa msimbo unaoweza kusomwa na wote si lazima usomwe na yeyote. Lakini tofauti ilionekana kosa lilipojulikana. Lilirekebishwa mara moja mahali pamoja mwishoni mwa mwaka wa 2024, na Februari 2025 Google ikalitia katika orodha yake ya marekebisho ya Android. Kifaa kinachofuata kerneli kuu kinaweza kupata tiba kama hiyo ndani ya siku chache. Kifaa kilichokwama katika nakala ya mtengenezaji hakitaipata mpaka mtu fulani katika kampuni hiyo aamue kuihamisha kwa mkono, na mara nyingi mtu huyo keshahamia kazi nyingine.

Serikali sasa zimeanza kuingilia kati. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya usalama wa bidhaa za kidijitali iliyoanza kutambuliwa Desemba 10, 2024. Kuanzia Septemba 11, 2026, watengenezaji wanatakiwa kuripoti kasoro zinazotumiwa na wavamizi, na masharti mengine mengi yataanza kutekelezwa Desemba 11, 2027. Mtengenezaji atawajibika kutoa marekebisho ya usalama kwa angalau miaka mitano, isipokuwa bidhaa yenyewe itarajiwe kutumika kwa muda mfupi zaidi. Atawajibika pia kwa msimbo huria alioutia ndani ya bidhaa yake, ilhali watu wa kujitolea wanaouandika bila nia ya biashara wameondolewa lawama.

Kwa kampuni inayouza bodi barani Ulaya, hesabu iliyoelezwa hapo juu inabadilika. Miaka mitano ya kuhamisha viraka kwa mkono hadi kwenye kerneli iliyotelekezwa yaweza kugharimu zaidi ya miezi michache ya kubishana na watunzaji wa USB. Bodi ile ile ikiuzwa Nairobi au Kampala haitalindwa na sheria hiyo. Kinachoweza kumnufaisha mnunuzi wa huku ni kiendeshi chenyewe, iwapo mtengenezaji atakiwasilisha katika kerneli kuu kwa kuhofia faini za Ulaya, kwa sababu kikishaingia humo kila mtu hupakua nakala ile ile. Iwapo ataamua badala yake kutengeneza kerneli mbili, moja ya Ulaya na nyingine ya masoko yasiyo na sheria, hakuna kifungu chochote kitakachomzuia.